Kimya cha Isunzwe

Kijiji cha Isunzwe kilikuwa hakijui kunyamaza. Ulipoletwa muswada wa leseni za mbwa, miji mikubwa ilituma sauti kumi, ishirini. Isunzwe walituma mia nne na tatu, na mmoja wao alikuwa mzee aliyesema yeye hana mbwa, ila alitaka tu Bunge lijue kwamba mbwa wa jirani yake ni mwizi wa mayai. Nilimpenda mzee yule bila kumwona.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipoketi mbele ya ukuta wa taa na kuona taa ya Isunzwe imegeuka kijani, na chini yake pameandikwa "sauti: sifuri", nilivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya kitenge, nikaivaa tena. Sifuri ilikuwa palepale.

"Injinia," nikaita. "Hebu njoo uone."

Fidelis ndiye aliyekuwa akiitunza Kapu, mtambo unaokusanya maoni ya vijiji elfu moja mia mbili na kumi vya Shirikisho la Nyanda na kuyaleta bungeni. Ni mtu wa makamo, upara wake unang'aa, na akifikiri hutafuna karafuu. Alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Kijani," akasema. "Kuna nini?"

"Hakuna hata mtu mmoja aliyesema."

"Ndiyo maana ni kijani, mama. Siku tisa zimetimia jana jioni. Asiyesema ndani ya siku tisa amekubali. Kanuni ya Kimya hiyo, sikuitunga mimi."

Ni kweli hakuitunga yeye. Zamani kijiji kimoja kikizembea kujibu, sheria ya nchi nzima ililala miezi. Wakubwa wakachoka, wakaweka siku tisa. Taa nyeupe maana yake bado, nyekundu wamekataa, kijani wamekubali. Na sheria inayogusa mali ya kijiji haipiti kama taa ya kijiji hicho ni nyekundu. Muswada wa siku ile ulikuwa unachukua chemchemi ya Isunzwe na kuitia kwenye bomba mpaka mji wa Tungamo, kwa miaka sitini. Kura ilikuwa saa nane mchana.

Mimi si mtaalamu. Niliishia darasa la saba. Lakini walioitunga sheria ya Kapu waliogopa kuwaachia wataalamu peke yao, wakataka chumba cha mtambo kikae na mwananchi wa kawaida, anayejua kusoma na kuandika, anayeaminika huko anakotoka. Makanisa, misikiti na masoko yakatoa majina, ikapigwa kura ya bahati, likatoka jina langu, Restituta Gaudensi. Naitwa Shahidi wa Bunge. Kazi yangu kubwa ni mstari mmoja. Kila siku ya kura nasimama mbele ya Spika, mkono juu ya Biblia, nasoma: "Nathibitisha mbele za Mungu kwamba kila kijiji kimesikika." Bila mstari huo kura haipigwi. Nilikuwa nimeusoma miaka sita.

"Kigoda chao ni kizima?" nikauliza.

"Kinapumua vizuri kabisa."

Kila kijiji kina kigoda chake, kiti cha bati kinachokula jua, chenye kinasa sauti. Ukikaa kinakusikiliza, ukisimama umemaliza. Na kila adhuhuri na jioni kigoda hutuma pumzi, yaani sekunde kumi za sauti yoyote iliyopo pale, ili mtambo ujue kingali hai. Kapu haijali kilichomo ndani ya pumzi. Inapima tu kama ipo.

"Naomba nizisikie."

"Za leo?"

"Za siku zote tisa, na ya kabla yake."

Fidelis akaacha kutafuna. Shahidi anaruhusiwa kusikiliza pumzi, kanuni zinasema hivyo, lakini hakuna aliyewahi kuomba. Hata mimi.

*

Alinivalisha visikilizio. Pumzi ya kwanza ilikuwa Isunzwe ninayoijua kutoka kwenye maoni yao: mashine ya kusaga inanguruma, redio inatangaza mpira, watoto wanagombea tairi, mtu anakohoa. Halafu ikaja ya jioni yake. Mashine imezimwa. Wanawake wanalia, wengi, mbali kidogo. Karibu kabisa, kitambaa kinakwaruza juu ya bati, na sauti ya mwanamke inasema: "Ongeza na hiki. Kifunike mpaka chini."

Baada ya hapo pumzi zote zilikuwa nzito, za chini chini, kama zinatoka ndani ya godoro. Njiwa. Mlango. Hakuna redio wala mashine.

"Kinasa kimekufa?" Fidelis akauliza, maana alikuwa akisikiliza kwa kipaza sauti kidogo.

"Kinasa kizima. Kimefunikwa vitenge. Wamefiwa."

Aliniangalia kama mtu anayesubiri aongezewe.

Marehemu mume wangu alitoka bonde la pili kutoka Isunzwe. Alipofariki, mama mkwe hakuanza kwa kunikumbatia. Alianza kwa kuifunika redio kitenge, akageuza kioo kikatazama ukuta, akakusanya simu zetu zote akazitia kwenye tenga, tenga akalitundika darini. Watu wa nyanda zile akifa mtu wa nyumba, nyumba hufunika kila kitu kinachosema. Akifa mtu wa kijiji kizima, kijiji kizima hufunika. Serikali ikipiga simu haipokelewi, na wala si ukaidi. Wanasema siku zile marehemu ndiye anayezungumza, wengine kazi yetu ni kusikiliza.

"Siku ngapi?" Fidelis akauliza.

"Kumi na mbili."

Alikaa chini. "Na Kapu inangoja tisa."

"Waliotunga kanuni ni watu wa Tungamo. Kule ukizika Jumamosi, Jumatano uko kazini."

"Tuwapigie mtu basi. Mwenyekiti wa kijiji."

"Simu yake iko kwenye tenga. Na mimi kumpigia ni marufuku, unajua."

Alijua. Shahidi hazungumzi na kijiji mpaka kura ipite, asije akawatia maneno mdomoni. Fidelis aliinuka, akachungulia korido, akafunga mlango taratibu.

"Mama Restituta, nikivuta waya mmoja kule nyuma, Kapu inaingia kwenye majaribio. Siku tatu hakuna kura. Mimi naandika hitilafu, nasaini, basi. Kumi na mbili toa tisa ni ngapi?"

"Tatu."

"Umeona."

Sitasema sikushawishika.

"Utaandika hitilafu ya nini?"

"Ya waya."

"Waya umefanya nini?"

"Mama, waya haujafanya kitu. Ndiyo maana unaitwa uongo."

Tulicheka wote wawili, kicheko cha watu wenye shida. Kisha nikamwambia hapana. Leo tukivuta waya kwa ajili ya Isunzwe, kesho mwingine atauvuta kwa ajili ya shamba la mjomba wake. Tena Kapu haijakosea, imefanya kile tulichoiambia ifanye. Tukiisingizia ugonjwa, tutaitibu ugonjwa isio nao, na kanuni itabaki palepale ikimngoja mfiwa mwingine.

Nilipotamka hayo, "mfiwa mwingine", nikaugeukia tena ukuta wa taa.

"Injinia. Tangu nianze kuapa, kimya kimegeuka kijani mara ngapi?"

Akabonyeza, akasoma, akasoma tena. "Vijiji sitini na vitatu. Kwenye sheria arobaini na moja."

"Ndurumo kimo?"

Akashuka na kidole kwenye orodha. "Kimo."

Mwaka uliopita watu wa Ndurumo walisimama siku mbili kwenye geti la Bunge. Kivuko chao kilikuwa kimefungwa kwa sheria, wakawa wanazunguka mto kwa mguu, nusu siku, kupeleka wagonjwa. Walikuwa wakisema neno moja tu: hatukuulizwa. Mlinzi aliniuliza nikiwa napita kama ni kweli, nami nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Waliulizwa, niliiona taa yao ya kijani kwa macho yangu." Nikaenda kunywa chai. Mmoja wa wale wanawake alikuwa na kitenge cheusi kichwani. Nilikiona, nikapita.

*

Saa tano akanipigia binti yangu, Yusta. Anaishi Tungamo na watoto watatu.

"Mama, shikamoo. Leo ndiyo leo?"

"Marahaba. Leo ndiyo siku ya kura."

"Mungu asikie. Maji yalitoka mara ya mwisho wiki iliyopita, Jumanne. Huyu Kokunda vipele vimefika shingoni, daktari anasema aoshwe kila siku. Nimuoshe na nini, soda?" Akacheka, lakini nilimjua. "Mkishapitisha, bomba linachukua muda gani?"

"Wanasema mwaka."

"Mwaka si mbali. Tutahesabu."

Nilimwambia namwombea. Sikumwambia kitu kingine, maana Shahidi hasemi ya chumbani nje. Lakini mtu asije akadhani nilikuwa na upande mmoja tu wa moyo. Mjukuu wangu anajikuna mpaka damu, na dawa yake imo kwenye chemchemi ya watu waliojifungia wakilia.

Nilishuka kwenye kikanisa kidogo kilicho chini ya ngazi za Bunge. Sikuomba muujiza. Niliuliza swali moja: yale maneno ninayoyasoma, ni ya kwangu au ni ya karatasi? Nikakaa. Jibu nilikuwa nalo tangu juu, nilikuwa natafuta tu mahali pa kulikubali.

Nikaenda kwa Katibu wa Bunge, Bwana Tiberio. Mtu muungwana, mwenye nywele nyeupe na kalamu nne mfukoni. Nikamweleza yote, pumzi, vitenge, siku kumi na mbili, na zile sheria arobaini na moja. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo unataka kusema Kapu ni mbovu?"

"Hapana, Katibu. Kapu ni nzima. Ninachosema, ule mstari siwezi kuusoma."

"Mama, mstari ule ni utaratibu. Kama kupiga hodi."

"Mimi hushika Biblia nikipiga hodi hiyo."

Akashusha pumzi. "Haya. Umefikiria baada ya hapo? Ukisema leo kimya si jibu, watauliza kuhusu jana. Sheria arobaini na moja zimesimama juu ya kiapo chako. Kiapo cha uongo kina kifungo. Nakuheshimu, nakwambia kama dada yangu: kaumwe. Nenda zahanati, sema kichwa. Nitamwapisha Shahidi wa akiba, yule kijana wa soko la nafaka, atausoma, na wewe hutakuwa umesema uongo wala ukweli."

Huo ulikuwa mtego mzuri kuliko wa waya, kwa sababu hapo kidole changu kisingegusa kitu.

"Katibu, kichwa hakiniumi," nikasema.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wabunge wa Tungamo walikuwa wamevaa tai za bluu, rangi ya maji. Spika, Mheshimiwa Kalunde, ni mama mnene, mtulivu, hana maneno mengi, na akiwa hajapenda jambo hupanga karatasi zake upya.

Niliitwa. Nikasimama, nikaweka mkono. Nilianza: "Nathibitisha mbele za Mungu kwamba..." Hapo nikanyamaza.

Ukumbi ulidhani nimepotelewa na mstari. Mtu akanong'ona, "Kila kijiji." Mwingine akacheka.

"Shahidi?" Spika akasema.

"Mheshimiwa Spika, siwezi kumalizia. Isunzwe hawajasikika. Kigoda chao kimefunikwa kwa msiba, na kwao msiba wa kijiji ni siku kumi na mbili. Leo ni ya kumi. Taa yao ni ya kijani kwa sababu tumehesabu machozi kuwa ndiyo."

Kelele zikaanza. Mheshimiwa Kyando wa Tungamo alisimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa Spika, huyu mama ameajiriwa kusoma mstari mmoja. Mmoja. Watoto wa Tungamo wanakunywa maji ya dimbwi, sisi tunasomewa mila? Kimya ni jibu. Babu zetu walisema hivyo."

Spika akanitazama. "Unaweza kujibu, Shahidi. Kwa kifupi."

"Mheshimiwa, wajukuu zangu watatu wako Tungamo, mmoja ana vipele vya dhiki hiyo hiyo. Ninayataka maji yale kama wewe. Lakini siku ulipomzika mama yako, mtu angekuja akakuuliza, shamba lako nilichukue? Ukamtazama tu. Ungekuwa umempa?"

Baadaye niliambiwa Kyando alikuwa amemzika mama yake mwezi wa nne. Sikujua, na ningejua nisingesema. Aliishika ile tai yake ya bluu, kisha akakaa.

"Kuna lingine," nikasema. "Nimeusoma mstari huu miaka sita. Vijiji sitini na vitatu nimeviapia kwamba vimesikika, na vilikuwa kimya. Sijui vingapi vilikuwa vinalia. Sikuuliza. Watu wa Ndurumo walikuja mpaka getini wakaniambia, sikuwasikiliza. Siwezi kusema ni kosa la mtambo. Orodha hii hapa, imeandikwa kwa mkono wangu. Naiomba kamati iniite."

Nikaiweka mezani. Spika hakuigusa. Alipanga karatasi zake upya, mara ya kwanza, mara ya pili. Katibu alimwinamia akamwambia jambo, naye akatikisa kichwa.

"Bunge hili lina njia mbili," akasema mwisho. "Kuapisha mtu mwingine, au kungoja siku mbili na nusu. Nani hapa atakayeshika Biblia au Msahafu, aje asome ule mstari, sasa hivi, baada ya kuyasikia haya?"

Yule kijana wa akiba alitazama viatu vyake. Hakuna aliyeinuka. Mtu wa mwisho niliyemtazama alikuwa Kyando, na yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tungojee, Mheshimiwa. Tungojee wamalize."

*

Siku ya kumi na tatu asubuhi nilikuwa chumba cha mtambo, lakini si kwenye kiti changu. Nilikuwa nimesimamishwa kuapa, na barua ya kuitwa mbele ya kamati ilikuwa ndani ya Biblia yangu, Jumatatu saa tatu. Spika aliniruhusu kukaa nyuma karibu na feni. Naye alikuja mwenyewe, na Kyando, na Katibu. Fidelis alikuwa ameirudisha taa ya Isunzwe kuwa nyeupe kwa amri ya Spika, na kwenye barua ya amri hiyo palikuwa na mstari wa pili: vijiji sitini na vitatu viulizwe upya, kuanzia Ndurumo.

Tuliisikia pumzi kabla ya taa kubadilika. Kitambaa kinavutwa juu ya bati, kimoja, cha pili, cha tatu. Halafu sauti zikafunguka kama mlango: kuku, ndoo, watu. Kigoda kikalia kwa uzito wa mtu aliyekaa.

"Hodi huko," ikasema sauti ya mwanamke, kavu kwa kulia. "Isunzwe tumerudi. Tulikuwa tunampeleka Bibi Nyanzobe, mkunga wetu. Ametuzalisha sisi sote hapa, mpaka mwenyekiti. Haya. Mlikuwa mnauliza nini?"

Kapu huwa inajibu kwa sauti yake yenyewe, inasoma muswada kifungu kwa kifungu. Fidelis alinyoosha kidole kwenye kitufe, na Spika akamshika mkono.

"Naweza kusema mimi?"

"Haijawahi kufanyika," Katibu akasema.

"Sikuuliza hilo."

Fidelis akamsogezea kinasa. Spika akainama.

"Poleni sana na msiba, mama. Mimi naitwa Kalunde, ni Spika wa Bunge. Hapa nipo na mwenzangu wa Tungamo. Watu wake hawana maji. Tumekuja kuwaomba."

Kyando alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Tumeshapoa," akasema yule mwanamke. "Maji hatumnyimi mtu, hata aliyekuja na jambia tunampa anywe kwanza. Lakini lile jicho la chemchemi ndipo Bibi alipotuogeshea, kila mmoja, siku aliyozaliwa. Bomba likianzia hapo, hapana. Kule chini ya maporomoko maji ni yale yale. Anzieni huko."

"Ni mabonde mawili zaidi," Fidelis akanong'ona. "Miezi minne mingine."

Spika akamtazama Kyando. Kyando akashusha kiganja. "Miezi minne," akasema. "Tutahesabu."

Neno la binti yangu hilo, na hawajawahi kuonana.

Kigoda kikalia, mwanamke amesimama. Ukutani, chini ya taa nyeupe ya Isunzwe, ikatokea namba ya wanaosubiri foleni kusema: mia tatu themanini na saba. Kigoda kikalia tena, mtu mzito zaidi, akakohoa kikohozi ninachokijua.

"Mimi kuhusu maji sina neno, yule dada amemaliza," akasema yule mzee. "Nimekaa tu kuwajulisha kwamba siku zote hizi kumi na mbili tulizofunika midomo, mbwa wa jirani yangu hakufunika wa kwake. Mayai tisa. Andikeni."

"Yaandike, Injinia," Spika akasema.

Fidelis akayaandika.